Kaa Aliyegoma Kula

Niliyoyaota usiku wa kuamkia leo nayasema sasa hivi, kabla sijanawa uso, maana mke wangu Nyamvula ana tabia ya kuniambia "hukuota hivyo" kana kwamba tulilalia kichwa kimoja.

Mimi naitwa Kibwana, na kazi yangu ni kunenepesha kaa. Watu wakisikia hucheka. Wacheke tu. Kaa koko wanaokamatwa huku kwetu mikokoni mara nyingi huja watupu: ganda kubwa, ndani maji. Mnunuzi humgeuza kaa chali, akambonyeza kwa dole gumba pale karibu na mguu wa nyuma. Pakibonyea, kaa mtupu, hamtaki. Pakiwa pagumu, kaa kajaa, anapanda gari kwenda mjini. Mimi huwachukua wale waliokataliwa, nikawatia kwenye vizimba vya miti, kila mmoja chumba chake, nikawalisha matumbo ya samaki mpaka wakajaa. Kazi hii ndiyo iliyolea watoto wangu, na imenifanya niamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilokwisha kwa chakula.

Basi mwanangu Mwanamgeni aliporudi kutoka kwa mumewe, amekonda, hasemi, kajifungia chumba cha uani, sikubabaika hata kidogo. Nilimpelekea chakula. Asubuhi uji, mchana wali, jioni mihogo ya nazi. Sahani zikarudi kama zilivyokwenda. Nikaongeza sahani.

Na leo asubuhi ndipo wakwe zangu walikuwa waje kumchukua. Bi Saumu, shangazi ya mumewe, ndiye mwenye kauli katika nyumba ile. Alinipigia simu, akanibembeleza, akanisifu mpaka nikajisahau, nikatoa neno: njooni, mtamkuta tayari. Mwanamgeni mwenyewe sikumwuliza. Nyamvula aliponiambia, "Baba Mwanamgeni, umemwuliza mtoto?" nilimjibu, "Kwani kaa naye huulizwa?" Akanyamaza, na kunyamaza kwa Nyamvula si kukubali hata siku moja.

Kitoweo cha wageni nacho nilishakipanga. Katika kizimba cha mwisho nina kaa dume mkubwa ambaye naye aligoma kula. Najua kaa akitaka kujivua gamba huacha kula, lakini huyu nilimwona mtu mzima mno kwa mambo hayo. Nikasema atanifia bure, heri aingie sufuriani. Nikalala.

Ndoto ikanikuta mchana kweupe, maji yamekupwa, niko vizimbani na ndoo yangu ya matumbo. Kochi letu la sebuleni lilikuwa limekaa kwenye tope katikati ya mikoko, vitambaa vyake vimenyooka vizuri. Sikushangaa. Nyamvula alikuwa amekaa juu yake, anachagua mchele.

"Vua viatu," akaniambia, "nimetoka kufagia sasa hivi."

Nikavua viatu, nikakanyaga tope lililofagiwa.

"Kibwana," ikaita sauti kutoka kizimba cha mwisho.

"Shikamoo," nikasema, maana ilikuwa sauti ya mtu mzima.

"Marahaba," akasema yule kaa. "Hebu niondolee haya matumbo."

"Ni mabichi. Ya samaki changu."

"Sijakuuliza ni ya nani. Yaondoe."

"Ukiacha kula utakonda, bwana."

"Nimejaa."

"Utajaaje na hujala?"

"Ndiyo maana sili. Ganda hili nimelijaza mpaka pembeni. Tonge likiongezeka litakaa wapi? Wewe gunia likijaa unaendelea kulishindilia?"

"Huwa nalishindilia," nikasema. Ni kweli, huwa nalishindilia.

Kaa akamgeuzia Nyamvula jicho moja, jingine akaniachia mimi. "Mama, umeishije na huyu?"

"Nilizoea," akasema Nyamvula, akapuliza pumba.

Nikaona si adabu kumficha mtu habari yake, nikamweleza kwamba yeye ni kitoweo cha wageni. Akasema anajua, sufuria ilishakuja kumpa taarifa. Nikageuka. Sufuria yetu kubwa, ile ya shughuli, ilikuwa imesimama kando ya mkoko na mfuniko imeushusha mpaka machoni kwa aibu.

"Mimi nimetumwa tu," ikasema sufuria.

"Hakuna aliyekulaumu," akasema kaa.

Nikainama kuokota yale matumbo. Nilipoinuka, mikoko haikuwepo. Nipo ndani ya banda la wanunuzi, refu, halina mwisho, na watu wote wa kijijini kwetu wamepanga foleni. Hakuna anayesukumana, jambo ambalo lingetosha kuniambia kwamba naota, lakini sikulitilia maanani. Juu darini imening'inia mizani yenye uso wa saa, na mizani ndiyo inayoita.

"Anayefuata!"

Mbele ya foleni kuna meza. Kila mtu akifika anapanda, analala chali, anakunja miguu, na Bi Saumu anambonyeza chini ya ubavu wa mwisho. Dole gumba la Bi Saumu lina ukubwa wa mchi. Amelipaka hina.

"Kanuni ni ile ile," ikasema mizani. "Urefu peke yake si unene. Uzito peke yake waweza kuwa maji. Abonyezwe."

Akapanda mwenyekiti wa kijiji na mkoba wake. Bi Saumu akambonyeza.

"Kajaa," akasema, "ila ni hotuba."

"Hotuba hailiki," ikasema mizani. "Arudishwe majini."

Mwenyekiti akatushukuru kwa kumsikiliza, akaingia majini na mkoba wake, akazama taratibu.

Akapanda mama muuza vitumbua wa pale njia panda. Alipobonyezwa, dole likagonga, ko!

"Huyu kajaa kweli. Apande gari."

"Jamani, nimeacha mafuta motoni," akasema yule mama.

"Mafuta nayo yapande gari," ikasema mizani, na mafuta yakaja yenyewe na karai lake, yakapanda, yakakaa siti ya mbele.

Zamu yangu ikafika. Niseme ukweli, sikuwa na wasiwasi. Mimi ndiye mnenepeshaji, bwana. Atakayekutwa mtupu si mimi. Nikapanda mezani, nikalala, nikakaza tumbo.

"Huyu kazuia pumzi," ikasema mizani.

"Sijazuia," nikasema, na pumzi zote zikanitoka.

Dole gumba la Bi Saumu likaingia. Likaingia, likaingia, mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Akachomoa mkono, ukawa unachuruzika maji. Kisha akainama, akatega sikio kwenye lile tundu.

"Humo mna nini?" ikauliza mizani.

"Maji," akasema Bi Saumu. "Na kuna kisauti kinazunguka humo kama nzi kwenye chupa. Kinasema, watu watasemaje, watu watasemaje."

"Urefu upo," ikasema mizani. "Uzito upo. Nyama hakuna. Mtupu."

Foleni nzima ikasema "Maskini!" kwa pamoja, kama watu wanaoitikia dua. Loo! Niliumia. Nimetukanwa mara nyingi maishani na wenye haki na wasio na haki, lakini neno lile lilinichoma, nikakaa kitako mezani na machozi yakanilengalenga mbele za watu. Nilitaka kuwaambia wambonyeze mwingine kwanza kisha warudi kwangu. Sikupata nafasi.

"Mwanamgeni binti Kibwana!" ikaita mizani.

Hakuna aliyepanda.

"Yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," nikasema. "Kajifungia. Nitamleta." Nilisema hivyo haraka haraka, kwa sababu nilitaka angalau mmoja katika nyumba yangu akutwe kajaa. Hata ndotoni, ndugu zangu, nilikuwa nataka sifa.

Mara banda lote likawa uani kwangu, kisima kile pale, kamba ya nguo ile pale. Mizani inaning'inia kutoka mawinguni, hakuna dari. Mlango wa chumba cha Mwanamgeni umekuwa mfuniko wa kizimba, wa fito, umefungwa kwa kamba ya kwangu mwenyewe. Naelekea pale. Ubavuni mwangu naona yule kaa anatembea, upande upande, ananitazama usoni njia nzima.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtoa mwanangu abonyezwe."

"Yu laini huyo."

"Si ndiyo maana abonyezwe, wajue."

"Kibwana, umeshika kaa umri wako wote. Kaa laini akibonyezwa huwaje?"

Nikasimama. Ninajua huwaje. Kaa laini akibonyezwa, alama ya dole inabaki. Ganda linakauka na shimo lake, na kaa anaishi nalo, anakula nalo, anazeeka nalo. Nimewahi kumwona kaa mwenye alama ya kidole mgongoni, na sikujiuliza kidole ni cha nani.

"Tazama mbele yako," akasema kaa.

Bi Saumu alikuwa ametangulia, anaelekea mlangoni na dole lake. Mgongoni, kati ya mabega, nikaona kishimo. Kishimo cha dole gumba, cha zamani, kigumu pembeni pote. Ndani yake alikuwa ameweka funguo.

"Bi Saumu," nikasema, "samahani. Nani alikubonyeza?"

"Mama mkwe wangu," akajibu bila kugeuka. "Nilikuwa mwali, bado laini. Nikakauka nalo."

"Liliuma?"

"Sijui. Sasa naweka funguo." Akatikisa bega, zikalia.

Nimemjua mama huyu miaka mingi, nimemwogopa, nimemsengenya sana, na haikuwahi kunijia akilini kwamba naye aliwahi kuwa mwali. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ikanikera, maana ni vigumu kugombana na mtu unayemwonea huruma.

Kutoka nyuma ya zile fito ikaja sauti ya mwanangu.

"Baba, usifungue."

Tangu arudi, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kuniambia. Nikapiga magoti pale mlangoni. "Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi. Nimejaa."

Nikamtazama kaa. Kaa akatazama pembeni, kwa heshima.

"Umejaa nini, mwanangu?"

"Sauti," akasema Mwanamgeni. "Kule walinipa ganda la marehemu bibi yao, alikuwa mtu mdogo mdogo. Wakasema hili ndilo lililopo, jikunje. Wakasema mwanamke wa nyumba hii hacheki kwa kinywa. Nikawa nacheka kwa pua. Sauti yote ikarudi ndani, Baba. Na wewe kila siku waniletea mihogo."

Nani huku kwetu hamjui Mwanamgeni na sauti yake? Mtoto huyu akiimba harusini, mafundi mitambo walikuwa wanazima vipaza sauti, vya nini tena? Akicheka sokoni, mimi vizimbani najua kwamba samaki wake wa kuuza wamekwisha. Sauti hiyo sikuisikia tangu arudi, na mimi, baba yake, nilichokuwa nahesabu ni mifupa ya shingo yake. Basi nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya wakwe, mbele ya sufuria.

"Fungua mlango, mkwe," akasema Bi Saumu. "Wewe ulitoa neno."

"Lilitolewa," ikathibitisha mizani. "Na lipo hapa."

Nikageuka. Kwenye kigoda cha Nyamvula alikuwa amekaa kijitu kimoja, kimo chake kama kijiko cha chai, kavaa kofia yangu ya Idi. Kofia ilimfunika mpaka kiunoni.

"Wewe nani?"

"Mimi ni neno lako," kikasema kutoka ndani ya kofia. "Mimi ndiye Njooni-Mtamkuta-Tayari."

"Nani kakupa kofia yangu?"

"Uliponitoa ulinitoa kichwa wazi. Niliona haya."

"Rudi ndani."

"Nirudi wapi? Nimeshatolewa." Na kikajikalisha vizuri, kikakunja miguu kama mtu aliyekuja kula wali.

Nikachanganyikiwa. Bi Saumu kaweka mkono kwenye kamba ya mlango. Nyamvula ameshuka kwenye kochi lake la topeni, amekuja na ungo wake, amekaa juu ya ule mfuniko wa fito, mzima mzima, na Nyamvula akikaa mahali, kumwondoa ni kazi ya kijiji. Lakini dole la Bi Saumu ni mchi, na mchi umeshaanza kupenya kati ya fito.

"Kipime," kaa akaninong'oneza.

"Nini?"

"Hilo neno lako. Mnapima kila mtu hapa. Hilo nani kalipima?"

Ebo! Kweli. Nikakinyakua kile kijitu na kofia yake, nikakiweka kwenye sahani ya mizani. Mizani ikajitazama usoni. Mshale haukutikisika.

"Kofia imo?" ikauliza.

"Imo."

"Basi hata kofia imelisaidia bure." Ikakohoa, na nilivyoisikia, ilikuwa inasikitika, lakini ni mizani ya haki. "Neno hili halijafika kimo. Lilitolewa changa, kabla mwenyewe hajaulizwa. Kanuni ya wachanga ni nini?"

Foleni nzima, hata mwenyekiti kutoka chini ya maji, ikajibu: "Wachanga hurudishwa majini!"

Nikakibeba kile kijitu mpaka majini, na maji yalikuwa hapo hapo kando ya kisima, bahari nzima. Nikakiweka taratibu kama ninavyowaweka kaa wadogo, nimewainamia, ili wasishtuke. Kikaelea kidogo ndani ya kofia, kikaanza kupiga kasia kwa mikono.

"Nikikua nirudi?" kikauliza.

"Ukikua usije kwangu," nikasema. "Nenda kwa Mwanamgeni. Akikutaka atakutoa mwenyewe. Asipokutaka, bahari pana."

Kikafurahi, wallahi. Kikaondoka na kofia yangu, kinaimba.

Niliporudi, Bi Saumu alikuwa ameketi kwenye kile kigoda. Dole lake limepungua, limekuwa dole la mama yeyote, na hina yake imechakaa. Nyamvula alikuwa amempa maji ya kunywa bila kushuka juu ya mfuniko.

"Na mimi nilikuwa naimba," akasema Bi Saumu, hamwambii mtu. "Watu walikuwa wanatoka Pangani kunisikiliza."

"Hata sasa si mzee," akasema Nyamvula.

"Haya, haya," akaingilia kaa. "Mazungumzo mazuri, lakini sasa naomba mgeuke. Kuna watu wanajivua hapa."

Tukageuka sote. Mizani ikageuza uso wake ukutani. Sufuria ikashusha mfuniko mpaka chini kabisa. Nyuma yetu kukaanza sauti, ndogo kwanza, ya kitu kinachoachia taratibu. Sauti ilitoka kwa kaa, na ilitoka pia nyuma ya zile fito, zote mbili kwa pamoja.

"Unaumia?" nikauliza bila kugeuka.

"Inabana," akasema kaa, kwa sauti ya mtu anayejipenyeza dirishani. "Tunatokea mgongoni, kinyumenyume. Mbele kunabaki kumefungwa vile vile, mikono, miguu, mpaka vifuniko vya macho. Ukiliona ganda utaapa mwenyewe yumo."

"Kisha?"

"Kisha mtu anakuwa mkubwa na hana nguvu. Hapo ndipo wapumbavu humbonyeza. Mwache. Usimwulize maswali. Mpe kivuli. Akitaka chakula ataomba."

Hilo neno la mwisho lilinigusa pabaya, nami nikataka kugeuka kidogo tu, nione, kwani mtu hana haki ya kumwona mwanawe? Nyamvula akanishika sikio. Nikajaribu kwa upande wa pili. Akanishika na la pili.

Nikaamka, Nyamvula amenishika sikio.

"Unapiga mateke kama punda," akasema. "Kumekucha. Wageni wako watakuwa wanajiandaa kutoka."

Nilichukua simu, nikatoka hivyo hivyo na msuli wangu wa kulalia mpaka kwenye kichuguu nje ya boma ambako mtandao unashika, nikampigia Bi Saumu.

"Asalaam aleikum, Bi Saumu."

"Waaleikum salaam, mkwe. Ndiyo tunatoka. Mtoto tayari?"

"Msije."

"Simu yako inakatika."

"Haikatiki. Nimesema msije. Mwanamgeni hajaulizwa, na mpaka aulizwe akajibu mwenyewe, haondoki hapa."

"Mzee Kibwana! Wewe si ulitoa neno?"

"Nililitoa changa. Nimelirudisha."

Nilisikia nyuma yake vyombo vinagongana, na mtu anaulizia viatu.

"Na watu watasemaje?" akauliza.

Lile swali ni langu. Nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku aliyoshuka mwanangu garini na begi lake. Nililisikia likitoka kinywani mwa mwingine, nikaona jinsi lilivyo jepesi.

"Watasema, Bi Saumu. Wana midomo. Wewe wasalimie tu."

Akakata simu. Hakuikata kwa hasira. Mimi nilibaki kidogo pale kwenye kichuguu, naitazama simu, maana sijazoea kumjibu mama huyo, kisha nikarudi ndani.

Nilimkuta Nyamvula amesimama mlangoni pa chumba cha uani. Mlango wazi. Ameshika kifua.

"Hayumo," akasema kwa sauti ya chini. "Baba Mwanamgeni, hebu njoo utazame. Hili gauni kalivuaje?"

Kitandani lilikuwa limelala gauni alilorudi nalo kutoka kwa mumewe, lile la kola ndefu ambalo kule walimtaka avae kila siku. Limekaa kimtu, mikono imenyooka huku na huku. Vifungo vyote vya mbele vimefungwa, kuanzia chini mpaka kile cha shingoni kinachokaba. Nyamvula akaligeuza. Mgongoni limefunguka njia nzima, kutoka shingoni mpaka kiunoni, safi, hata uzi mmoja haukukatwa.

Kabla sijafungua kinywa, mfuniko ukaanguka jikoni.

"Mama!" Kuku wa jirani wakaruka. "Hii mihogo ya jana mnaiweka ya nani?"

Nyamvula akatoka mbio, mikono imetangulia, anataka kumshika mashavu, mabega, ajue kama ana homa, kama ana nyama. Nikamdaka kanga yake.

"Usimshike," nikamwambia. "Mwache kwanza akauke."

"Akauke nini, wewe mwanamume? Umeamka na nini leo?"

"Ya kwako, mwanangu!" nikajibu kuelekea jikoni, na sauti yangu ikapasuka katikati kama ya kijana anayebalehe. "Yote ni ya kwako!"

Jikoni mwanangu akacheka, na hakucheka kwa pua.